Nyuzi Nilizozificha na Kofia za Watoto Njiti

Sanduku la kwanza nililolijaza nyuzi lilikuwa la mume wangu. Alilinunua kwa ajili ya safari zake za Pemba, sanduku zuri la bati lenye kufuli mbili. Siku moja akalitaka, akalifungua, akakuta madonge ya uzi yamepangwa mpaka juu, mekundu upande huu, ya kijani upande ule. Akaniuliza, "Mama Zuhura, nguo zangu nitie wapi?" Nikampa mfuko wa rambo. Akaenda Pemba na rambo lake. Wenyeji wake huko walimwonea huruma, wakadhani biashara imemwendea vibaya.

Nawaandikieni haya wanangu, ninyi mnaokuja barazani kwangu Makorora kila Alhamisi na sindano zenu kufuma kofia za watoto njiti, kwa sababu hamwishi kuniuliza: Bibi Saumu, nyuzi zote hizi umezitoa wapi, na mbona unazigawa kama njugu? Zuhura kaninunulia daftari, kasema andika, mama, kabla hujasahau. Sijasahau kitu. Lakini nitaandika, maana mnaniona mtu wa kutoa, na mimi sikuzaliwa hivyo. Nilikuwa mchoyo wa uzi, tena mchoyo haswa. Chakula ningekupa. Kanga yangu mpya ningekuazima uende nayo harusini. Uzi, la.

Kazi yangu ilikuwa kufuma masweta. Ndiyo, hapa hapa Tanga, mji ambako shati jepesi linaloana jasho kabla ya saa nne asubuhi. Masweta hayakuwa yetu sisi. Yalikuwa ya wanafunzi wa Lushoto, kule milimani, ambako mwezi wa sita mtoto anaingia darasani meno yanagongana. Karakana yetu ilikuwa na mashine tisa za kufumia, za kuendesha kwa mkono, kila mashine na mwanamke wake. Feni ilikuwa hairuhusiwi, inapeperusha uzi. Kwa hiyo unafuma, jasho linakutoka, na manyoya ya sufu yanakuganda mikononi mpaka kwapani. Jioni ukitoka unafanana na mwanakondoo. Mume wangu alikuwa ananiambia kabla sijavuka kizingiti, "Jikung'ute kwanza."

Msimamizi wetu alikuwa Mama Eliza, Mshambaa, Mlutheri, akikaa Nguvumali. Mwanamke mrefu, mpole, haongei sana. Alijifunza kufuma kwa mama yake, kwa sindano za mianzi alizochongewa na baba yake. Mimi nilimwogopa kwa sababu hakuwa anagomba. Mtu anayegomba unajua kapimaje kosa lako. Anayekutazama tu unabaki unajipimia mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza nilifuma masweta thelathini ya bluu. Nilianza na miili, koni za uzi zikaisha, nikachukua koni nyingine za bluu kabatini, nikafuma mikono. Mle ndani, chini ya taa, bluu ni bluu. Tulipoyatoa nje kuyakunja, jua likayapiga, nikaona kila sweta lina mwili wa mtu mmoja na mikono ya mtu mwingine. Wenzangu wakaziba midomo. Mama Eliza akaja, akainua moja, akaligeuza.

"Saumu, unaona?"

"Naona, Mama."

"Basi leta kiti. Tunafumua."

"Yote?"

"Mikono tu. Miili haina kosa."

Akaketi na mimi, msimamizi mzima, tukafumua mikono sitini. Alinionyesha jinsi ya kutafuta uzi wa mwisho, jinsi ya kuvuta taratibu ukisikia unakwama, na kuuzungusha kwenye mgongo wa kiti usijifunge mafundo. Halafu akanionyesha kikaratasi kilichobandikwa ndani ya koni, chenye namba. Nyuzi zilizopikwa rangi kwenye chungu kimoja zina namba moja. Zikipikwa siku nyingine, hata wakisema ni rangi ile ile, si ile ile. Mpaka leo sigusi uzi kabla sijasoma namba, na ndiyo sababu mnaniona nimevaa miwani mbili, moja kichwani na moja puani.

Nilianza kukusanya vipande pale pale karakanani. Mwisho wa koni unabaki uzi kidogo, hautoshi hata shingo, wenzangu wanautupa. Mimi nauzungusha kidoleni, nautia kwenye mkoba. Baadaye masweta yaliyokwisha kushonwa yakaanza kuja kwa makatoni kutoka nje, mepesi, ya bei ya chini, na shule zikayataka hayo. Karakana ikafungwa. Siku ya mwisho tajiri mwenye karakana akatuambia kila mmoja achukue kitu cha ukumbusho. Mmoja alichukua mkasi, mwingine pasi, mwingine kiti alichokalia miaka yote. Mimi nilichukua viroba viwili vya koni zilizobaki, na tajiri akanikodia mkokoteni. Mama Eliza alirudi kwao Lushoto, na huko ndiko alikofia. Mungu amlaze pema.

Baada ya hapo nikawa mtu wa mitumba. Sikilizeni hapa vizuri, maana ni elimu. Sweta la mtumba usilitazame kifuani, litazame mbavuni. Ukikuta mshono wa ubavuni umekatwa na kuzungushiwa ovaloki, ule mshono wa cherehani wa kufunga kingo, liache. Ukilifumua utapata vipande vya urefu wa mkono tu. Ukikuta kingo zake ni nzima, zimeunganishwa kwa uzi mmoja kama mnyororo, hilo ni lako. Kata ule uzi mmoja na sweta zima litafumuka kama mazungumzo. Kisha chukua kipande kidogo ukichome. Kikinuka nywele zinazoungua, ni sufu ya kondoo. Kikiyeyuka kikaacha kishanga kigumu, ni nailoni. Kikiwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi, ni pamba. Lowanisha, ufunge kwenye kitambaa cheupe usiku kucha, uone kama unachuja rangi. Ukishaufumua utakuwa umejikunja kama nywele zilizosukwa. Uoshe, uuning'inize na chupa ya maji chini yake, utanyooka.

Wauza mitumba walinizoea. "Bibi Sweta huyo anakuja," wanasema, wananifungulia belo. Nikirudi nyumbani nafumua, naosha, nazungusha madonge, napanga. Na hapo ndipo kazi yangu ilipoishia. Sikuwa nafuma. Nilikuwa nafungua masanduku asubuhi, naangalia, napapasa, nafunga. Nikiwaza kufuma kitu, najisemea, uzi huu mzuri, nikiuanza utaisha. Siku moja panya alizaa ndani ya kiroba cha sufu nyeupe. Nililia kwa ajili ya sufu.

Uzi niliouthamini kuliko wote ulikuwa wa zambarau. Niliupata kwenye sweta pana sana la mtumba, la mtu mnene wa nchi za baridi, pamba tupu, laini, hauchuji, hauna manyoya. Madonge kumi na manne. Nilikuwa nayo miaka minane bila kuyatia sindano.

Basi, mwanangu Zuhura akashika mimba, na mimba ilipofika miezi saba akajifungua. Asubuhi alikuwa anaanika nguo, adhuhuri yuko hospitalini, alasiri nimeambiwa nina mjukuu. Nikaenda mbio. Sikuwahi kuona mtoto njiti. Mguu wake ulikuwa kama kidole changu cha kati. Zuhura alikuwa amemlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefungwa pamoja na kanga, na nesi wa wodi ile, Sista Neema, alikuwa anawazungukia kinamama mmoja mmoja.

"Shikamoo, Bibi," akaniambia. "Huyu anataka joto tu na maziwa. Joto la mwili wa mama linatosha, lakini kichwa kinapoteza joto. Mna kofia?"

Mimi kuulizwa kama nina kofia! Nilirudi Makorora nikafungua masanduku. Nikachagua uzi wa waridi wenye manyoya marefu, unaopendeza machoni kupita kiasi, nikafuma kofia saa hiyo hiyo, nikaitia utepe wa kufungia kidevuni na ua la vifungo pembeni. Nilipomkabidhi Sista Neema akaigeuza. Nikakumbuka Mama Eliza.

"Bibi, imependeza sana. Lakini siwezi kumvisha."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Manyoya haya yataingia puani. Utepe unaweza kumkaba. Kifungo kikitoka ataweza kukimeza. Na hii ukubwa wake ni wa mtoto wa mwaka." Akakunja ngumi yake ndogo akanionyesha. "Kichwa cha huyu ni kama chungwa. Fuma inayonyumbulika, laini, inayoweza kufuliwa kwa maji moto, isiyo na chochote cha kuning'inia."

Miaka yote ile ya kazi, na sikujua kufuma kofia ya mtoto. Niliona haya, lakini sikubisha. Niliketi kwenye benchi la nje ya wodi nikafuma nyingine, ya pamba nyeupe, bila pambo. Ikamkaa mjukuu wangu sawasawa. Tulimwita Rukia.

Kwenye kitanda kilichofuata alikuwapo binti wa Tongoni, Mwanahawa, umri wake hata ishirini na mbili sidhani kama umefika. Mumewe alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi. Alikuwa amezaa mapacha wa kiume, Hassan na Hussein, wadogo kuliko Rukia. Vichwani walikuwa wamevaa soksi. Soksi ya mtu mzima, imekatwa kisiginoni, ikafungwa fundo juu. Hussein alikuwa na ya kijivu na Hassan ya michirizi.

Nilimwona ananitazama mikono nikifuma. Hakuomba. Kama angeomba, wallahi sijui ningesemaje siku ile, kwa jinsi nilivyokuwa. Lakini hakuomba, alitazama tu, kisha akawafunika watoto wake vizuri kwa kanga. Nikajisikia vibaya moyoni. Nikafuma mbili nyingine kwa uzi ule mweupe uliobaki, nikampa. Akazishika kama mtu aliyeshikishwa yai.

"Bibi, hizi zinafumwaje?"

Wodi ile mama anakaa wiki kadhaa, anasubiri mtoto aongezeke uzito. Anakaa hapo kitandani na mtoto kifuani, hana cha kufanya ila kuhesabu pumzi. Nikaja na sindano jozi mbili. Nilimfundisha Mwanahawa kutia vitanzi, kufuma wima, kufuma chali, kupunguza kuelekea utosini. Alikuwa mwepesi wa kushika kuliko wenzangu wote wa karakana. Alikuwa anafuma mikono ikiwa juu ya migongo ya watoto wake, na wao wamelala hapo chini kama paka. Tukawa tunaongea. Alikuwa na ucheshi. Alisema Hassan atakuwa mwanasiasa kwa jinsi anavyolia akiwa ameshiba.

Siku moja nikiwa nyumbani nikafungua sanduku la zambarau. Nikajiambia, Saumu, hawa ni watoto wawili, na yule msichana hana kitu. Nikayatoa madonge yote kumi na manne, nikaanza kufuma blanketi. Nililifuma pana, la kulaza watoto wawili upande kwa upande. Nilikuwa najivunia. Kwa mara ya kwanza nilikuwa natoa kitu kinachoniuma.

Blanketi lilikuwa limebaki na kingo za mwisho nilipofika wodini asubuhi nikakuta kitanda cha Mwanahawa kimezungushiwa pazia. Sista Neema akanishika mkono. Hussein alikuwa amefariki alfajiri. Alipatwa na homa siku mbili, wakamhangaikia, ikashindikana. Nilimkuta Mwanahawa amekaa wima, Hassan kifuani, na kofia nyeupe ya Hussein ameifumbata kiganjani. Hakuwa analia. Nilimwambia maneno tunayoambiana, sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Akaitikia. Walimpeleka mtoto wakamzika Tongoni siku ile ile.

Wiki mbili baadaye Rukia na Hassan wakaruhusiwa. Nikampa Mwanahawa blanketi. Wanangu, nataka mlione kosa langu hili, maana lile la mikono ya masweta lilifumuliwa siku moja likaisha. Nilimpa mama aliyefiwa na pacha mmoja blanketi la kulaza wawili. Nilikuwa nimelimaliza, ni zuri, ni zambarau yangu, nikaona kutoa ni kutoa. Alinishukuru. Alinibusu mkono.

Baada ya arobaini nikaenda Tongoni kumjulia hali. Nilimkuta uani kwa mama yake, anamenya mihogo. Hassan amenawiri, mashavu yamejaa. Nikakaribishwa, nikapewa chai na mihogo ya nazi. Na macho yangu, nitasema ukweli, yalikuwa yanatafuta blanketi. Kitandani halipo. Kambani halipo. Halafu nikaona pembeni ya mlango kikapu, na ndani ya kikapu madonge ya uzi wa zambarau.

Nikaweka kikombe chini.

"Mwanahawa, lile blanketi?"

Akaacha kisu. "Nililifumua, Bibi."

"Ulilifumua?"

"Ndiyo."

Nilikuwa nimeghadhibika mpaka masikio yananiunguza. Miaka minane sikuthubutu kuutia sindano uzi ule! Mama yake akaingia ndani, akatuachia uwanja.

"Usinikasirikie, Bibi yangu," Mwanahawa akasema. "Lilikuwa zuri sana. Nililitandika. Hassan namlaza upande mmoja, na upande wa pili unabaki wazi. Nikamlaza katikati, bado naona pande zote mbili ziko wazi. Nikalikunja nikalitia kabatini, nikawa najua liko kabatini. Nikasema nikimrudishia Bibi atadhani nimemdharau. Nikimpa mtu mwingine, nimegawa zawadi. Basi nikalifumua polepole, kila siku kidogo, Hassan akilala."

"Na uzi?"

Akanyanyuka, akaleta kifurushi cha kanga, akakifungua juu ya mkeka. Kofia. Kumi na moja, za zambarau, ndogo ndogo, kila moja ukubwa wa chungwa. Hazina utepe, hazina kifungo. Nilizichukua moja moja nikazigeuza ndani nje, kazi ya mikono yangu niliyozoea, nikitafuta kosa. Mbili zilikuwa zimekazwa mno utosini. Nikafungua mdomo kumwambia, nikashindwa. Nilianza kulia mimi, mtu mzima, na yeye akaja akaketi karibu yangu, na hapo ndipo alipolia, kilio chote kile ambacho sikukiona wodini. Hassan akaamka akajiunga. Mama yake akachungulia, akarudi ndani.

Tulipomaliza nikamwambia, "Hizi mbili zimekaza."

"Najua," akasema akijifuta pua. "Ni za mwanzo."

"Leta sindano."

Tukazirekebisha pale pale, mihogo ikapoa.

Kesho yake akaja mjini, akamwacha Hassan kwa mama yake kwa muda wa asubuhi tu, tukaenda wodini pamoja. Mimi nilitaka nimkabidhi Sista Neema kifurushi tuondoke, lakini yeye akasema, "Mpelekeeni wenyewe yule wa mwisho pale, kazaa jana." Alikuwa binti mdogo, peke yake, mtoto kifuani, na kichwa cha mtoto kimefunikwa kwa kipande cha kanga kinachoteleza kila akivuta pumzi. Mwanahawa akatangulia. Mimi nikasimama miguuni mwa kitanda.

"Hujambo, dada," akamwambia. "Nimemletea mwanao kofia."

"Umefuma wewe?" binti akauliza.

"Mimi. Nilikuwa kitanda kile."

Binti akamtazama mikono, akaona mitupu. Akauliza kile alichokuwa anaogopa kuuliza. "Wako yuko wapi?"

Nilitaka kuingilia kati. Mwanahawa akainamisha kichwa, akaipanua kofia kwa vidole viwili.

"Nilizaa wawili," akasema. "Mmoja yuko nyumbani na bibi yake, ananyonya mpaka ananichosha. Mmoja tumemzika. Mwinue kichwa kidogo, dada. Hivyo. Vuta mpaka ifunike masikio, masikio ndiyo yanayopoa kwanza."